Harusi ya uani, kamera ya kuvuka mpaka

BUSIA – Harusi ya watu 30 haihitaji ukumbi. Turubai moja uani, viti vya kukodi na sufuria kubwa za pilau zinatosha. Katika mji huu uliogawanyika kati ya Kenya na Uganda, wageni hutoka pande zote mbili, kwa kuwa Wasamia na Wateso wana ndugu huku na huku. Mpigapicha anayeitwa ng'ambo naye anageuka mfanyabiashara wa mpakani.

Tofauti na muuza nyanya, yeye habebi bidhaa ya kuuza. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamhusu mwenye bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Kamera imetengenezwa nje ya ukanda, tena inarudi nyumbani jioni. Cheti hicho hakimsaidii.

Kinachomsaidia ni kujieleza mapema: kumwonyesha ofisa wa forodha kamera, lenzi na taa kabla ya kuvuka, namba zake ziandikwe, na risiti za ununuzi ziwe mkononi. Anayepita kimya kimya huenda akatakiwa, wakati wa kurudi, kuthibitisha kwamba vifaa si vipya vilivyonunuliwa ng'ambo. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 kiliwaweka maofisa wa nchi mbili mahali pamoja, lakini hakikufuta wajibu huo.

Uani nako kuna kazi yake. Jua la saa saba mchana hutia macho vivuli vyeusi, na turubai la buluu hupaka nyuso rangi yake. Wazoefu huwapeleka maharusi kwenye kivuli cha mwembe au ukuta wenye rangi nyeupe, kisha husubiri saa kumi na moja jioni mwanga ulainike. Hapo hakuna muda wa kupoteza: Busia jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni, mwaka mzima.

Nafasi ni finyu, hivyo lenzi fupi ndiyo inayofaa, na kila hatua ya mpigapicha inaonekana. Akisimama mbele ya bibi wakati wa kuvishana pete, amemnyima mzee wa watu alichokuja kukiona. Majina ya wanaotakiwa kwenye picha za ukoo huandikwa mapema na shangazi au mjomba anayewajua wote.

Wateja wengi hudhani harusi ndogo ina bei ndogo. Lakini nauli, betri, siku nzima ya kazi na usiku wa kuchambua picha havipungui kwa sababu wageni ni wachache. Makubaliano yaseme malipo ni kwa shilingi ya Kenya au ya Uganda, arubuni ni kiasi gani na picha zitafika lini.

Na kabla ya kurudi mpakani, picha zinakiliwe mahali pa pili. Kamera ikipotea njiani hununuliwa nyingine. Kiapo cha mchana ule hakirudiwi.