Toleransi Iandikwe Wapi?

Ndani ya kompyuta kila kitu ni kamilifu. Mhandisi akisanifu shafti yenye kipenyo cha milimita 20, programu huichora milimita 20 kamili. Karakana haina ukamilifu huo. Kisu cha mashine ya kukereza huchakaa, chuma hupata joto na kutanuka, na shafti hutoka ikiwa 19.99 au 20.03. Ndiyo maana kila kipimo hupewa toleransi, yaani kiasi cha kuzidi au kupungua ambacho kazi inaweza kukivumilia. Wasanifu wanabishana iandikwe wapi: kwenye mchoro au ndani ya modeli ya pande tatu?

Kabla ya hilo kuna swali la msingi zaidi: ni sehemu gani ya kifaa inayohitaji toleransi kali?

Beringi namba 6204, inayotumika katika mota nyingi ndogo za umeme, ina tundu la milimita 20. Shafti inayoibeba mara nyingi hupewa alama ya k6, ambayo katika kiwango cha ISO 286 inaitaka izidi milimita 20 kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 2 hadi 15. Shafti ikiwa nyembamba, pete ya ndani ya beringi huteleza na kuila. Ikiwa nene kupita kiasi, pete hutanuka, gololi hubanwa na beringi huchemka. Lakini ukali huo unahusu milimita chache tu, pale beringi inapokalia. Kwingineko, ambako shafti haigusani na kitu, hutosha toleransi ya jumla: ISO 2768, daraja la m, huruhusu milimita 0.2 juu au chini kwa vipimo vya kati ya milimita 6 na 30. Anayeandika k6 kwa shafti nzima anamlipisha mteja kazi ya kusaga isiyo na faida yoyote.

Hapa ndipo modeli inapoleta mtego. Milimita 20 zilizochorwa kwenye kompyuta haziwezi kukubaliwa na k6, kwa sababu shafti halali huanzia 20.002 na kuishia 20.015. Mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ikipangwa kufuata umbo la modeli peke yake na kufanya kazi yake bila kosa lolote, itatoa shafti ya kukataliwa. Fundi mzoefu hulenga katikati, karibu 20.008. Hata hivyo, atajuaje kwamba anatakiwa kulenga hapo kama toleransi imebaki kwenye mchoro ambao hakutumiwa?

Joto nalo hula sehemu ya toleransi hiyo. Vipimo vya viwandani huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Katika karakana ya Dar es Salaam yenye nyuzi 32, shafti hiyo ya chuma hutanuka karibu mikroni 3, kati ya 13 zilizoruhusiwa.

Kwa miaka mingi mchoro ndio uliokuwa na neno la mwisho. Mwaka 2003 Wamarekani walitoa kiwango cha ASME Y14.41, kilichoweka kanuni za kuandika toleransi ndani ya modeli yenyewe. ISO 16792 ikafuata mwaka 2006. Baadaye muundo wa faili wa STEP AP242 ukawezesha toleransi kusafiri kama data, hivyo mashine ya kupimia inaweza kuisoma bila mtu kuiandika upya. Lakini alama iliyowekwa kwenye modeli kama picha tu, bila kufungwa kwenye uso inaouhusu, haisomeki na mashine.

Kibaya kuliko vyote ni kuiandika mara mbili. Msanifu hubadilisha k6 kuwa m6, alama nyingine ya toleransi, kwenye modeli, mchoro unasahaulika, na karakana mbili zinatengeneza shafti mbili tofauti kwa jina moja. Toleransi ifungwe kwenye modeli, katika uso unaofanya kazi, na mchoro ukihitajika uzalishwe kutoka humo. Karakana isiyo na uwezo wa kusoma modeli itumiwe mchoro huo, na faili ieleze waziwazi kipi kifuatwe vikipingana.