Hema Linalovuja kwa Ndani

Safari ya hema kutoka Dar es Salaam hadi Iringa mwezi Machi hukutana na mvua kotekote: pwani masika ndiyo yanaanza, na Iringa mvua iliyoanza mwishoni mwa mwaka bado haijakatika. Ukiamka na blanketi bichi, usikimbilie kulaumu paa. Mtu mzima aliyelala hutoa mvuke kwa pumzi na ngozi, na kwa usiku mmoja unaweza kufika glasi ya maji. Wakilala watatu huku zipu zote zimefungwa, na nje kuna baridi ya mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mvuke huo hugusa kitambaa, hugeuka matone na kuwadondokea. Acha matundu ya hewa wazi hata mvua ikinyesha, mradi paa la nje limekazwa na haligusani na la ndani.

Maji ya chini yana ujanja wake. Turubai la kutandika likitokeza nje ya hema hukinga mvua na kuileta mgongoni mwako, kwa hiyo kunja kingo zake ziishie chini ya sakafu. Chagua mahali palipoinuka, si udongo mweusi unaonasa hata magari, na kwenye korongo kavu usilale kabisa: mvua ya milimani huweza kulijaza huku kwako kukiwa na nyota. Jiko la mkaa nalo libaki nje. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na huua watu usingizini.

Njiani, barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha huja kona za mlima Kitonga. Kote huko pita mchana.

Mji wa Iringa nao, kwa maoni yangu, uwekwe katikati ya ratiba. Hema likianikwa barazani kwa wenyeji wako, nenda kwenye boma la Wajerumani lililogeuzwa makumbusho, au Kalenga kuliona fuvu la Chifu Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Isimila, penye zana za mawe za kale, ingoje jua. Nguzo zake za mchanga zimechongwa na maji, na njia zake huteleza.

Ukirudi nyumbani, hema lianike siku hiyohiyo, kivulini. Likikaa mfukoni likiwa bichi huota ukungu, na mpako wa kuzuia maji ukishabanduka ni kununua jingine.