Nani Aliichimba Mifereji ya Engaruka?

Ukishuka kutoka nyanda za juu za Mbulu kwa njia ya Karatu hadi Mto wa Mbu, kisha ukaifuata barabara ya vumbi iendayo kaskazini kuelekea Ol Doinyo Lengai, ukuta wa Bonde la Ufa utakuwa mkono wako wa kushoto mwendo wote. Chini ya ukuta huo, mahali paitwapo Engaruka, utaona mawe yaliyopangwa. Usiyapite. Hayo ni mabaki ya mfumo wa maji uliolisha watu tangu karne ya 15 hivi hadi karne ya 18, katika nchi ambayo mvua yake haitoshi kuivisha hata mtama.

Maji yalichepushwa pale mto utokapo korongoni. Yakaingia katika mifereji iliyojengewa kwa mawe pasipo saruji wala chokaa, yakafuata mteremko polepole hadi kwenye vishamba vilivyokatwa miraba kwa mistari ya mawe. Mashamba yote yalienea kiasi cha hekta 2,000. Vijiji saba vilijengwa juu yake, katika vitako vilivyochongwa ubavuni mwa mlima, ili ardhi ya kulimwa isipotee bure. Ajabu zaidi ni jinsi walivyolitumia tope. Walipanga mawe kukinga maji ya mafuriko, udongo ukatua, na baada ya miaka shamba likapanda kimo. Nasi tulioshuhudia tope la Mlima Hanang likizika Katesh Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80 hatuna budi kuwastaajabia watu waliojua kuligeuza tope kuwa shamba, ijapokuwa lao halikuwa kubwa kama lile.

Louis Leakey alipofika mwaka 1935 alikisia kuwa huo ulikuwa mji wa watu 30,000 au 40,000. Kisio hilo lilivuma sana, lakini lilikuwa kubwa mno. Wataalamu waliomfuata, miongoni mwao Hamo Sassoon na John Sutton, waliona vijiji vya wakulima, watu elfu chache tu. Kwangu mimi sifa yao haipungui kwa hilo. Wachache kujenga kazi kubwa namna ile ni jambo zito zaidi.

Je, walikuwa nani? Jina Engaruka ni la Kimaasai, na Wamaasai walifika baadaye. Hapo ndipo macho ya wataalamu yanapogeukia Mbulu. Wairaqw wa Kainam tangu zamani hulima ardhi ile ile mwaka hata mwaka, hufuga ng'ombe nyumbani, huwakatia majani na kubeba samadi shambani. Huko Engaruka nako pana mazizi ya mawe kandokando ya mashamba. Tena lugha ya Kiiraqw ni ya jamaa ya Kikushi, iliyotangulia katika nchi hizi.

Lakini wazee wa Kiiraqw wenyewe husimulia kwamba walitoka Ma'angwatay, nchi ambayo wengi huiweka upande wa kusini, si kaskazini. Wengine huwataja Wasonjo, ambao hadi leo hugawana maji ya mifereji kwa zamu. Na Wadatoga wa Hanang wasisahauliwe: waliishi Ngorongoro kabla ya kusukumwa kusini na Wamaasai, na makaburi yao yangali Lerai, ndani ya kreta. Mimi nawaelekea Wairaqw, ingawa ushahidi wa samadi na mazizi haujamshinda mzee anayehesabu safari za babu zake.

Sababu ya kuhama nayo ina wagombezi. Yawezekana vita vilichangia. Hata hivyo mawe yenyewe yasema jambo jingine: baadhi ya mifereji inaelekea kwenye makorongo ambayo siku hizi hayana maji ila msimu wa mvua. Wakulima waliotegemea mito kadhaa walibakiwa na mmoja.

Huo mmoja, Mto Engaruka, bado unatiririka. Wakulima wa Engaruka Juu wanauchepusha mpaka leo kumwagilia mahindi, maharagwe na migomba, na baadhi ya nyumba na mashamba yao yamekaa juu ya yale ya kale.