Kutoka Intel Kwenda AMD

Prosesa ya Intel kwenye kompyuta ya mezani haing'olewi tu na kuwekwa ya AMD; soketi hazifanani, hivyo ubao mama nao hubadilishwa. Soketi ya AM5 ya AMD, iliyotoka 2022, inakubali RAM za DDR5 tu. DDR4 ya zamani haiingii hata kwa nguvu, maana pengo lake la chini limekaa mahali pengine. Diski huhamia bila shida. Kasha na pawa saplai yake ni bahati: mashine nyingi za ofisini za Dell na HP zina pawa saplai yenye plagi za aina yake, zisizoingia kwenye ubao wa kawaida. Leseni ya Windows nayo mara nyingi hufungwa kwenye ubao wa awali. Anayetaka kuhama afungue kasha kwanza, ndipo anunue.