Mlango Ambao Monika Aliufungua Tena

Mzazi Mkristo anapogundua kwamba mwanawe ameacha kusali, huuliza maswali mawili kwa mpigo: nimekosea wapi, na nifanye nini arudi? La kwanza humtesa, la pili humponza, kwa sababu hulijibu kwa haraka. Pesa za matumizi chuoni zinasitishwa, mchungaji anaitwa, mashangazi wanapigiwa simu, kikao kinakaa. Kijana akikubali kwenda ibadani Jumapili inayofuata, nyumba nzima hupumua. Lakini kilichopatikana hapo ni utii tu, na utii wa namna hiyo hudumu mpaka siku kijana anapoanza kujilipia kodi ya chumba. Ninachodai katika sura hii ni kwamba mzazi hana uwezo wa kumwaminisha mtu mzima. Alicho nacho ni uhusiano, na huo ndio anaouharibu anapotaka kumlazimisha.

Kisa cha kale kinachojulikana zaidi ni cha Monika wa Tagaste, katika Algeria ya leo. Mwanawe Agostino, aliyezaliwa mwaka 354, alijiunga na Wamani, wafuasi wa mafundisho ya Mani, akiwa na umri wa miaka 19 hivi, akakaa nao takriban miaka tisa. Wahubiri hupenda kutaja machozi ya Monika, lakini huruka jambo moja ambalo Agostino mwenyewe alilieleza katika Maungamo: mwanzoni mama huyo alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Ndoto iliyompa tumaini ndiyo iliyomfanya amruhusu tena. Baadaye alimsihi askofu mmoja, aliyelelewa na Wamani hao hao utotoni, aende kubishana na kijana. Askofu akakataa: Agostino bado alikuwa na kiburi cha mafundisho mapya, asingesikia. Mama amwombee tu, na kijana angegundua kosa lake kwa kusoma. Hata hivyo Monika hakuwa mtu wa kukaa mbali. Mwaka 383 Agostino alimhadaa pale Karthago, akapanda meli usiku kwenda Roma. Mama akamfuata mpaka Milano. Agostino alibatizwa na askofu Ambrosi kwenye Pasaka ya mwaka 387, na Monika akafariki Ostia mwaka huo huo.

Kisa kimoja hakithibitishi kanuni, tena hiki kimesimuliwa na aliyerudi. Wasiorudi hawakuandika Maungamo. Ndiyo maana utafiti wa Vern Bengtson una uzito. Kuanzia mwaka 1970 alifuatilia familia za vizazi kadhaa kusini mwa California, watu zaidi ya 3,500, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 katika kitabu Families and Faith. Aliona kwamba bidii ya mzazi katika dini haitoshi. Imani ilirithiwa zaidi pale mtoto alipojisikia kuwa karibu na mzazi, hasa baba, na waliorudi baada ya kutangatanga kwa kawaida walikuwa na wazazi wavumilivu, wasiowasukuma. Marekani si Moshi wala Kisumu, kweli. Ila baba mkali aliyemwachia mama mambo yote ya dini hatuhitaji kumtafuta ng'ambo.

Wapo watakaosema huku ni kubembeleza dhambi, nao watafungua Mithali 22:6, kwamba mtoto aliyelelewa katika njia impasayo hataiacha hata akiwa mzee. Lakini mithali hueleza jinsi mambo yaendavyo kwa kawaida. Haiwekei kila mtoto dhamana. Baba wa mwana mpotevu katika Luka 15 hakumfungia mwanawe ndani, wala hakusema kwamba kuondoka kwake ni sawa. Mzazi anaweza kusali mezani kama siku zote, akaeleza anachoamini mara moja kwa uwazi, kisha akamwuliza kijana habari za kazi yake. Pingamizi gumu zaidi ni Tito 1:6, kwa kuwa mzee wa kanisa ambaye mwanawe ameacha imani anaweza kupoteza cheo, na waumini wana macho. Hapa sina jibu jepesi. Naona tu kwamba aya hiyo inahusu anayefaa kuongoza kanisa, wala haimwamuru baba amfukuze mtoto ili kulinda nafasi yake. Na kijana hung'amua upesi sana kama baba anamlilia yeye au anakililia kiti cha mbele.