Hewa kidogo, moyo na mbabula

Alhamisi iliyopita, baada ya mkutano wetu, mama mmoja mzee wa Kadutu alinivuta pembeni. Alikuwa amesikia kwenye redio kwamba hewa kidogo inakomaza moyo, na kwamba wanamichezo wa Ulaya wanapanda milimani kuitafuta. «Sasa mwalimu,» akaniambia, «mimi nalalaka na mbabula ndani ya chumba, mlango umefungwa, kila mvua ikinyesha. Moyo wangu si utakuwa wa chuma?» Tulicheka. Nilipofika nyumbani sikucheka tena, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayoweza kutuulia watu.

Wamama wapenzi, tuanze na ile ya kweli. Hapa Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi: pumzi moja inatupa oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pumzi ya mtu wa Moanda. Juu ya Kahuzi, kwenye mita 3,308, inabaki theluthi mbili tu. Mwili haukai bure. Pumzi zinakuwa za haraka, moyo unapiga mbio, na majuma yakipita damu inaongeza chembe nyekundu. Wataalamu watatu, William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza, walipata Zawadi ya Nobel mwaka 2019 kwa kuonyesha jinsi chembe za mwili zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua.

Lakini je, moyo unaweza kukingwa na upungufu huo? Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walifunga mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakaufungua dakika 5, wakarudia mara nne. Halafu waliufunga dakika 40. Sehemu ya moyo iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakuzoezwa. Angalieni vizuri: shida fupi, kisha pumziko. Baadaye waganga walijaribu kuwazoeza wagonjwa kwa kubana mkono na chombo cha kupimia tansio. Majaribio makubwa ya 2015 na 2019 hayakuleta faida waliyoitumaini. Kwa hiyo hata hospitalini jambo hili bado si dawa.

Sisi wenyewe tumebeba mfano mwingine tumboni. Damu ya mtoto ambaye hajazaliwa ina oksijeni kidogo sana kuliko yetu, na moyo wake unapiga tu, mara 110 mpaka 160 kwa dakika, kwa sababu umeumbwa kwa hali hiyo. Akizaliwa, oksijeni ya pumzi za kwanza inasaidia kufunga mshipa mdogo unaounganisha mishipa miwili mikubwa karibu na moyo. Kwenye milima mirefu sana, kama Andes kule Peru, watoto wengi zaidi wanabaki nao wazi. Na watu wazima wa huko, mishipa ya mapafu yao inabana, upande wa kulia wa moyo unasukuma kwa nguvu miaka na miaka mpaka unavimba. Basi hata mlima una bei yake.

Sasa mbabula. Makala yanayowaka ndani yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksidi. Fikirieni chembe nyekundu kama teksi na oksijeni kama abiria. Gesi hii inashika kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki upesi. Hapo hakuna dakika 5 za pumziko, ni usiku mzima. Moyo unapiga mbio ukisukuma teksi ambazo hazina abiria wa maana. Mwenye ugonjwa wa moyo anaumia kifua haraka, na mwenye mimba anamnyima mtoto wake. Wengi wakiamka na kichwa kuuma, kizunguzungu na kutapika wanasema ni malaria. Kama wote wa nyumba wanaumwa asubuhi ileile, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikirieni makala. Toeni watu nje kwanza, kisha hospitali, maana dawa yake ni oksijeni.

Na msidanganywe na makala mekundu yasiyo na moshi. Moshi umeisha, gesi bado inatoka.

Jumapili nilimtembelea yule mama nikamweleza haya yote. Alinyamaza, akatazama mahali mjukuu wake anapolala, akauliza kama dirisha moja likiachwa wazi kidogo linatosha. Nikamwambia halitoshi. Akamwita kijana watoe mbabula nje, ingawa mvua ilikuwa imeanza, akanituma mimi kuchukua blanketi la pili kwenye sanduku.