Kadi Yako ya Zahanati Si Mali ya Nyampara

Ndugu wafanyakazi,

Tulifika katika shamba moja la chai huko magharibi ya Uganda, tukamkuta ndugu mmoja amekaa nje ya kambi saa za kazi. Ni mchumaji wa miaka mingi. Alikohoa wiki tatu, akaenda zahanati ya shamba, akapimwa, ikaonekana ana kifua kikuu. Kesho yake asubuhi, wakati wa kuita majina, nyampara alimwambia mbele ya watu wote: "Wewe una TB, toka kwenye mstari." Tangu siku hiyo wenzake wakakataa kunywa naye maji. Mkewe alizisikia habari hizo sokoni. Yeye mwenyewe akaona haya, akaacha kwenda kuchukua dawa.

Nani alimpa nyampara habari? Karani wa zahanati. Aliulizwa tu, akasema.

Ndugu, hilo ni kosa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inalinda faragha ya kila mtu. Tena iko Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019. Sheria hiyo inakataza kukusanya au kutumia habari za afya ya mtu, isipokuwa kwa sababu chache, kama vile mwenyewe kukubali kwa hiari, au sheria kumpa mwajiri wajibu huo. Anayetoa habari za mtu kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10.

Wengine watauliza: je, meneja asijue kitu? Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 171 mwaka 1985. Linasema mwajiri aambiwe kama mtu anafaa kwa kazi fulani au hafai. Jina la ugonjwa haambiwi. Wakuu wa afya wakiarifiwa ili familia ipimwe, hiyo ni kazi yao. Kutangaza kwenye mstari si kinga. Mtu akiogopa kutangazwa, ataficha kikohozi chake na kuambukiza kambi nzima.

Haki ya pili ni kuona habari zako mwenyewe. Mama mmoja wa kiwandani aliungua mikono kwa dawa. Alipotaka kudai fidia, zahanati ilimjibu: "Kadi ni ya kampuni." Bila karatasi angethibitisha nini? Kadi inaweza kukaa katika kabati la kampuni, lakini yaliyoandikwa ndani ni habari zako. Sheria ya 2019 inakupa haki ya kuuliza wameandika nini na nani wameonyeshwa. Kama wameandika uongo, unaweza kudai wasahihishe.

Fanyeni hivi:

1. Andika barua fupi kwa mkuu wa zahanati au kwa meneja. Asiyejua kuandika aende kwa katibu wa tawi, kisha atie kidole gumba.

2. Fanya nakala mbili. Moja waache, moja wapige mhuri wa kupokea, ubaki nayo. Beba kitambulisho.

3. Hesabu siku. Wanatakiwa kujibu katika siku 30. Hospitali ya serikali inaweza kuombwa pia kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005, ambayo inatoa siku 21.

4. Wakinyamaza, chama kipeleke malalamiko kwa Ofisi ya Kulinda Habari za Watu, Kampala.

5. Usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa. Huenda ndani yake unakubali siri zako zigawiwe.

Na sisi wenyewe tujirudi. Nyampara alisema mara moja. Sisi tulirudia kambini mara mia. Mjumbe wa chama anayeambiwa ugonjwa wa mwenzake afunge mdomo.

Yule ndugu tulimsindikiza sisi wenyewe hadi zahanati, akaanza dawa tena. Dawa ya kifua kikuu cha kawaida humezwa miezi 6 bila kukatiza. Kisha tukaingia ofisini kwa meneja, wajumbe watano pamoja. Leo daftari la wagonjwa liko ndani ya kabati lenye kufuli, na ufunguo anao mganga peke yake.

Mmoja akidai peke yake huitwa mkorofi. Tukidai wote, kabati hufungwa.

Umoja ni nguvu!